Mkate wenye mboga ndani: chakula chema cha kupeleka kazini



Mara nyingi katika ukurasa huu tunazungumza juu ya kofia, viatu na mashine. Leo tunaingia jikoni. Msishangae. Mtu ambaye tumbo lake ni tupu huchoka upesi, na mtu aliyechoka haangalii vizuri mahali anapokanyaga. Usalama wa kazi unaanza nyumbani, kabla baba hajavaa viatu vyake.

Angalia namna wengi wetu tunavyokula siku ya kazi. Asubuhi ni chai na sukari, pengine na kipande cha mkate mtupu. Saa sita ni muhogo wa kuchoma au ndizi mbili. Chakula chenyewe, ugali na sombe, kinafika usiku wakati wa kulala. Mwili umefanya kazi mchana kutwa bila kupewa haki yake.

Kwa hiyo leo tunataka kukufundisha mkate mmoja ambao mama anaweza kuupika Nyangwe, Kasongo au Salamabila kwa vitu vya soko letu. Hauna nyama. Ndani yake mna mboga ya majani, kitunguu, karanga na ndimu. Unafungwa pande zote, unabebwa mfukoni, na unaliwa bila sahani wala kijiko.

UNATOKA WAPI?

Mkate huu ni wa watu wa Lebanoni na nchi jirani zake. Kwa Kiarabu unaitwa fatayeri. Kwao wanatia spinachi, kitunguu, mafuta ya zeituni, ndimu, na unga mwekundu mchachu unaoitwa sumaki. Wanaukunja pembe tatu na kuuoka. Wakristo wa kule wanaupenda wakati wa Kwaresima, kwa sababu hauna nyama. Waislamu wanauweka mezani jioni za Ramadani. Wafanyabiashara wa Lebanoni wanaishi Kinshasa na Lubumbashi tangu miaka mingi, na chakula chao kinajulikana huko.

Kwetu kusini mwa Maniema, chakula cha namna hii si kigeni sana. Waarabu na Waungwana wa pwani walifika Lualaba katika miaka ya 1860 na kukaa Nyangwe, baadaye Kasongo. Historia yao ina machozi mengi. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa wafanyabiashara hao walipiga bunduki katika soko la Nyangwe na kuua mamia ya watu, wengi wao wanawake waliokuja kuuza vyakula vyao. Livingstone alikuwa pale, aliona kwa macho yake, na aliandika. Hatusahau jambo hilo. Lakini mpunga walioleta ulibaki katika mashamba yetu, lugha unayosoma sasa ilibaki, na chapati na sambusa zilibaki katika jiko. Mama anayejua kukanda chapati na kukunja sambusa amekwisha kujua nusu ya kazi ya leo.

Tena kuna faida moja kubwa. Katika Kasongo na Nyangwe, Waislamu na Wakristo wanaishi pamoja na wanafanya kazi pamoja. Mkate usio na nyama hauleti swali la nani alichinja. Wote wanakula.

KWA NINI UNAFAA KWA MFANYAKAZI?

Sababu ya kwanza ni damu. Katika nchi yetu vitu viwili vinapunguza damu ya watu kila siku: malaria, na minyoo ya safura inayoingia kwa ngozi ya miguu mitupu na kunyonya damu ndani ya matumbo. Wachimbaji wa dunia nzima wanaijua safura. Mwaka 1880, katika tuneli ya reli ya Gotthard kule Uswisi, wafanyakazi wengi walikuwa weupe, wakihema na kuanguka. Waganga wa Italia waligundua kwamba ni minyoo hiyo, kwa sababu watu walijisaidia ovyo ndani ya shimo na kukanyaga udongo ule. Dawa ya safura ni choo, viatu na vidonge vya dispanseri. Mkate hauui minyoo. Lakini mwili unaotaka kurudisha damu yake unahitaji chuma, na majani mabichi kama lengalenga na matembele yana chuma. Yana pia vitamini inayosaidia kutengeneza damu, na mama mwenye mimba anaihitaji zaidi ya wote.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Chuma cha majani ni kigumu kuingia mwilini. Kinahitaji kitu kichachu cha kukisaidia: ndimu, chungwa, nyanya mbichi. Ndiyo maana ndimu katika mkate huu haiko kwa utamu tu. Chai nayo inafanya kinyume, inazuia chuma kisiingie. Basi usinywe chai pamoja na mkate wako. Kunywa maji safi, na chai ingoje saa moja.

Sababu ya pili ni karanga. Majani peke yake hayajengi nyama ya mwili. Ukitia karanga zilizotwangwa, au maharagwe yaliyopikwa na kupondwa, chakula kinakuwa kamili zaidi, na mtu anasikia nguvu mpaka mwisho wa zamu.

Sababu ya tatu ni kwamba mkate umefungwa. Vumbi haliingii ndani, mchuzi haumwagiki. Kule Cornwall, Uingereza, wachimbaji wa bati walikuwa wakipeleka mgodini mkate wa namna hii, wenye nyama na viazi ndani. Nasi wa Maniema tunaijua kazi ya bati. Husimuliwa kwamba mchimbaji alishika mkate kwa ukingo wake mnene, kisha akautupa ukingo ule kwa sababu ya uchafu wa mikono. Tutarudi kwenye jambo hilo la mikono.

VITU UNAVYOHITAJI

Kwa mikate 12, ya baba, mama na watoto:

Kwa kinyunga:
– Unga wa ngano, ule tunaouita farini: vikombe 4 (karibu gramu 500)
– Levire kavu: vijiko 2 vya chai
– Chumvi: kijiko 1 cha chai
– Sukari: kijiko 1 cha chai
– Mafuta ya karanga au mengine: vijiko 3 vya kulia
– Maji ya uvuguvugu: kikombe 1 na robo

Kwa kujaza ndani:
– Lengalenga au matembele: kilo 1, bila vijiti vigumu
– Vitunguu: 2 vikubwa
– Karanga zilizokaangwa na kutwangwa: nusu kikombe
– Ndimu: 2
– Mafuta mekundu ya ngazi: vijiko 2 vya kulia
– Chumvi, na pilipili kidogo kwa anayependa

Sumaki huipati sokoni kwetu. Usihangaike. Changanya konzi mbili za ngai-ngai, yale majani machachu, pamoja na mboga nyingine. Uchachu wake unafanya kazi ileile.

Kama farini ni ya bei kubwa, unaweza kuweka kikombe 1 cha unga laini wa muhogo na vikombe 3 vya ngano. Usizidishe hapo, kwani kinyunga kitakatika wakati wa kukunja.

NAMNA YA KUPIKA

1. Nawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Hii ni kazi ya kwanza, si ya mwisho.

2. Changanya farini, levire, chumvi na sukari. Tia mafuta, kisha maji kidogo kidogo. Kanda dakika kumi mpaka kinyunga kiwe laini na kisishike tena mikononi. Funika kwa kitambaa safi, weka mahali pa joto saa moja, kiumuke.

3. Wakati unangoja, osha majani mara tatu katika maji safi. Mchanga ukibaki, meno yatakueleza. Yachemshe dakika tano, yachuje, yaache yapoe. Sasa yakamue kwa nguvu kati ya viganja viwili mpaka maji yasitoke tena. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Majani yenye maji yanalowanisha kinyunga, mkate unapasuka katika moto, na hauwezi kukaa mpaka saa sita.

4. Katakata majani. Katakata vitunguu vidogo vidogo, uvikaange kidogo katika mafuta ya ngazi. Usiyaunguze mafuta mpaka yapoteze rangi yake. Wekundu ule ndio vitamini ya macho ya watoto, na ukiyafanya meupe umeitupa. Changanya majani, vitunguu, karanga, chumvi na pilipili. Toa sufuria motoni, ndipo ukamulie ndimu, maana moto mwingi unaharibu vitamini yake.

5. Gawa kinyunga vipande 12. Sukuma kila kipande kiwe duara kama sahani ndogo ya kikombe. Weka vijiko viwili vya mboga katikati, na uache ukingo mtupu pande zote. Usiguse ukingo kwa mafuta, hautashikamana.

6. Inua pande tatu, uzikutanishe juu katikati, na ubane mishono mitatu kwa vidole. Umepata pembe tatu. Kama utaipika juu ya kikaango, fanya namna nyingine: kunja duara mara mbili kama nusu ya mwezi, bana ukingo, na ubonyeze iwe bapa.

7. Mwenye furu ya kuokea aioke kwa moto mkali dakika kumi na tano, mpaka iwe ya rangi ya dhahabu. Asiye na furu achukue sufuria kubwa, atie mchanga mkavu na safi chini, aweke juu yake sahani ya bati yenye mikate, afunike, na aweke makala juu ya kifuniko na chini, kama anayepika mkate wa kumimina. Itaiva kwa dakika ishirini na tano hivi. Mwenye kikaango tu ageuze nusu mwezi zake juu ya moto mdogo, dakika tano kila upande, akifunika. Mkate ulioiva ni mwepesi mkononi, na ukiugonga kwa kidole unalia kama ngoma.

Angalia kwamba hatukukaanga katika mafuta mengi kama sambusa. Mafuta kidogo ni faida kwa mfuko. Na sufuria ya mafuta ya moto ni hatari kwa mtoto anayecheza karibu na mbabula.

HATARI ZA KUJUA

Ukurasa huu ni wa usalama, kwa hiyo soma sehemu hii mara mbili.

Sombe. Mama mmoja atauliza: naweza kutia sombe? Ndiyo, lakini isiwe mbichi, wala iliyochemshwa dakika tano kama lengalenga. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi. Sombe inatwangwa vizuri, inachemshwa muda mrefu sufuria ikiwa wazi, ndipo sumu inatoka na mvuke. Tumia sombe ya jana iliyoiva kabisa, ikaushe maji, upashe mpaka ichemke, kisha ujaze mkate.

Unga wa muhogo. Muhogo mchungu ulowekwe siku tatu au nne mpaka ulainike, kisha ukaushwe juani. Wakati wa njaa watu wanafupisha siku hizo. Matokeo yake ni ugonjwa wa konzo, ambao unakaza miguu ghafula na hauponi tena. Uliandikwa na waganga kwa mara ya kwanza mwaka 1938 kule Kwango, na umeonekana katika mikoa mingine ya Kongo pia. Unawapata zaidi watoto na wanawake.

Karanga. Karanga yenye kuvu, iliyosinyaa au yenye rangi nyeusi, tupa. Kuvu ile ina sumu inayoharibu ini, na kuikaanga hakuimalizi.

Mbabula. Wewe mchimbaji unajua kwamba baada ya baruti kupasuka hatuingii shimoni mpaka hewa isafishwe. Moja ya gesi tunazoogopa pale ni ile isiyo na rangi wala harufu, monoksidi ya kaboni. Gesi hiyohiyo inatoka katika makala yako nyumbani. Usiingize mbabula ndani ya nyumba iliyofungwa, hata siku ya mvua, hata kama ni kwa kumalizia mikate miwili tu. Watu wa nyumba wakisikia kichwa kinauma wote pamoja, kichefuchefu na usingizi mzito, watoe nje upesi kwenye hewa, kisha uwapeleke kwa daktari.

Zebaki. Katika Kabambare na Kasongo familia nyingi zina ndugu anayetafuta dhahabu kwa mkono. Kama katika nyumba yako kuna mtu anayetumia zebaki kukamata dhahabu, sikiliza vizuri. Zebaki ikichomwa inakuwa mvuke usioonekana. Mvuke huo unaingia mapafuni, unaharibu ubongo na figo, na unamfikia mtoto aliye tumboni mwa mama. Kikaango kilichochoma dhahabu hata mara moja tu hakirudi tena kwenye chakula. Kukisugua kwa mchanga hakusaidii. Na mkate huu tunaoufundisha leo unapikwa juu ya kikaango kikavu. Kama huna hakika na kikaango chako, usikitumie. Mama, hapa una haki ya kukataa, hata kama anayekiomba ni bwana wako au shemeji yako. Kazi ya dhahabu isifanyike jikoni wala karibu na nyumba.

KUKAA NA KUBEBA

Mikate ikitoka motoni, usiifunge ikiwa ya moto, maana jasho lake litailowanisha. Iache ipoe juu ya kitambaa safi, ukiifunika nzi wasiiguse. Kisha funga kila mmoja katika jani la mgomba lililopitishwa motoni, au katika karatasi safi. Usitumie mfuko wa saruji wala wa baruti, hata ukionekana safi.

Mkate uliopikwa asubuhi uliwe saa sita. Kwa zamu ya usiku, mama apike jioni. Nchi yetu ni ya joto, na mboga iliyoiva haingoji mpaka kesho yake. Ukisikia harufu ya kuchacha isiyo ya ndimu, au ukiona utelezi ndani, mkate huo usiliwe. Hasara ya mkate mmoja ni ndogo kuliko siku tatu za kuharisha.

Unaweza kukanda kinyunga usiku na kukiacha mahali pa baridi, kisha kukunja na kuoka alfajiri. Hivyo mama hapotezi usingizi wake wote.

UKIFIKA KAZINI

Sasa tunarudi kwenye mikono, kama tulivyoahidi. Baba, mama amenawa mpaka viwikoni, ameosha majani mara tatu, amefunga mkate katika jani safi. Kazi yote hiyo inapotea kama wewe unaushika kwa mkono wenye grisi na vumbi la mawe.

Kwa hiyo:
– Usile mahali pa kuchimba. Ondoka, nenda mahali palipotengwa kwa chakula.
– Nawa kwa maji na sabuni. Kitambaa cha jasho hakinawishi mikono.
– Kama siku hiyo maji yamekosekana, usiguse mkate wenyewe. Fungua jani nusu, shika sehemu iliyofungwa, kula, na pembe ya mwisho uliyoshika uitupe katika pipa la takataka. Lakini dai maji. Ndoo ya maji na sabuni karibu na mahali pa kula ni chombo cha usalama kama kofia yako.
– Usibebe mkate katika mfuko wa nguo za kazi. Uwe na kifuko chake cha kitambaa, na kifuko hicho kifuliwe kila siku.
– Ukirudi nyumbani, vua nguo za kazi kabla ya kumbeba mtoto na kabla ya kukaribia jiko.

Mama, na wewe usijisahau. Mara nyingi mama anampa baba mkate mzima, anawagawia watoto, na yeye anakula pembe zilizoungua. Mwenye mimba na anayenyonyesha anahitaji damu kuliko mtu anayebeba jembe. Katika mikate 12, weka wako pembeni kwanza.

Jaribu Jumapili moja, wakati baba yuko nyumbani. Yeye akande, kwani mikono yake ina nguvu. Watoto wakubwa wachambue majani. Mama akunje. Mikate ya kwanza itapasuka, haidhuru. Ya tatu na ya nne itafunga vizuri, na Jumatatu asubuhi baba ataondoka na chakula cha kweli katika kifuko chake.

Kumbuka: mkono safi, jiko safi, damu nzuri. Mfanyakazi aliyekula vizuri anaona mbele, na jioni anarudi kwao mzima.